Kinga (baiskeli) ya okazyon, yaani iliyotumika, ndani ya Lubumbashi: namna ya kuiweka barabarani, hatua kwa hatua

Kinga nzuri ya mjini ni ile ambayo kwado (fundi wa mipira) wa kona yako anaweza kuitengeneza. Rangi nzuri, gia 21, resore (springi) mbele na nyuma, hayo yote ni bure kama siku mpira umekwisha hakuna mtu ndani ya Lubumbashi anayeuza wa kipimo chako. Naandika juu nimetoka kusaidia mdogo wangu mmoja, anaishi Katuba na anasoma chuo kikuu kule Kasapa, alichoka kungoja basi asubuhi akanunua okazyon bila kuuliza mtu. Imetembea mwishoni, lakini ilitutesa, na wengi wananiuliza maswali yale yale.

Hatua ya 1. Chagua aina

Kila aina iko na siku yake na mimi nazipenda zote, karibu zote.

Kinga nyeusi ya bazee, ile ya magurudumu makubwa ya 28 na freni za vyuma vyembamba badala ya kamba, ile unaona imebeba magunia ya makala kwenye barabara ya Kasenga asubuhi mapema. Ni nzito, ukipanda nayo kilima utajua, lakini mji wetu hauna vilima vya kutisha, na vipuri vyake viko kila soko. Inakuketisha wima, unaona juu ya motoka, na ina magadi-boo (vizuia matope) kwa hiyo shati inabaki safi. Ubaya wake ni freni, mvua ikinyesha janti (rimu) zinaloa na unaanza kuita majina ya mababu.

VTT (kinga ya milimani) ya chuma ya zamani, isiyo na resore. Kama nikiambiwa nibaki na kinga moja tu, njo hiyo. Inaingia vumbi la Ruashi, inatoka, inakupeleka mjini. VTT mpya ya bei rahisi yenye resore nyuma sitaki ata kuiona: kila ukikanyaga, nusu ya nguvu yako inaenda kuchezesha resore, na kiisha muda kidogo pale kadre (fremu) inapokunjika panaanza kulia kwi kwi kwi. Usinunue. Ata ukipewa, uza.

Kinga ya mbio, mipira myembamba. Ni ya siku ya Mungu asubuhi, lami tupu, raha tupu. Kuipeleka Katuba ndani ni kuionea.

Kinga ya mama ya Japani ao ya Ubelgiji, yenye kikapu mbele na kadre iliyoshuka. Wanaume wanaicheka. Wacheke tu, mimi naenda nayo soko, naweka unga na mboga ndani ya kikapu, na suruali haishikwi na mnyororo kwa sababu umefunikwa.

Hatua ya 2. Angalia kabla ya kulipa

Inua, zungusha magurudumu, tikisa pedali, pitisha kidole kwenye viunganisho vya kadre mbele chini ya guidoni (usukani) kama hakuna ufa chini ya rangi. Mambo mengine yote yanatengenezeka.

Hatua ya 3. Jua kipimo cha mpira, kabla ya kwenda soko

Hapa njo watu wanapoteza siku nzima, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kinga ya mdogo wangu ilikuwa ya Japani na mpira wa nyuma ulikuwa umepasuka ubavuni. Ameenda soko akasema "mnipe 26", wakamupa 26, akarudi nayo. Ikakataa kuingia. Tumesukuma na vidole, yeye akaleta na turnevisi (bisibisi) nyuma yangu, akatoboa mpira wa ndani mpya. Akarudi kwa muuzaji, muuzaji akamuambia "weye hauna nguvu". Nguvu haina kesi hapa. Ziko 26 za aina mbalimbali na hazioani hata kidogo.

Angalia ubavuni mwa mpira wa zamani. Kuna namba kubwa ya kupendeza macho (26, 28, 29), achana nayo. Tafuta namba ndogo mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 37-590. Ya kwanza ni upana wa mpira kwa milimita, unaweza kuongeza ao kupunguza kidogo. Ya pili ni upana wa duara ya janti pale mpira unakaa, na hiyo haina mjadala, ikizidi milimita chache tu kazi imekufa. Zile utakutana nazo hapa kwetu ni hizi:

559 ni 26 ya VTT.
590 ni 26 ya kinga za mama, zile zimeandikwa 26 x 1 3/8.
622 ni 28 ya Ulaya, ni 700C ya kinga ya mbio, na ni 29 ya VTT mpya. Ndiyo, zote tatu ni janti moja.
635 ni 28 ya kinga nyeusi ya bazee, 28 x 1 1/2.

Umeona? Kati ya 26 na 26 kuna tofauti ya milimita 31. Ya mdogo wangu ilikuwa 590, walimupa 559, sasa ungeita ata wanaume wa Gécamines (kampuni ya migodi) wote isingeingia. Kinyume chake ni hatari zaidi: mpira wa 635 juu ya janti ya 622 unaingia vizuri kabisa, kwa mkono, unafurahi, kiisha unapompa hewa unaruka nje ya janti na mpira wa ndani unapasuka kama bunduki. Mpira ukiingia kirahisi kupita kiasi, simama, soma namba tena.

Tena angalia namna upana umeandikwa. 26 x 1.95 yenye nukta na 26 x 1 3/8 yenye sehemu ni familia mbili tofauti. Mtu akikuambia "ni karibu sawa" huyo anataka kuuza.

Na kama namba zimefutika? Hiyo inatokea sana, jua na vumbi vimekula ubavu wote. Kwanza angalia upande wa pili wa mpira, mara nyingi watu wanasahau. Kama hakuna, toa mpira, uchukue waya mwembamba wa umeme (siyo uzi wa nailoni, unavutika na unakudanganya), uzungushe ndani ya janti kwenye bega, yaani pale ukingo wa mpira unakalia. Siyo kwenye shimo la katikati, siyo juu kwenye ukingo wa nje. Weka alama na kalamu pale ncha zinakutana, nyoosha waya, pima na metri ya mshonaji. Yake inaishia kwa 150 kwa hiyo utapima mara mbili. Ukipata karibu sentimita 175 na nusu ni 559, karibu 185 ni 590, karibu 195 ni 622, karibu 199 na nusu ni 635. Kati ya hizi mbili za mwisho kuna sentimita nne tu, pima tena kabla ya kusema.

Mpira wa ndani hauna kiburi hivyo. Unavutika, wa 622 unaingia kwa 635 bila shida, angalia upana tu usiwe mbali sana. Yule wa nje njo mwenye makelele.

Kwa wale wenye VTT ya 29: kwa kuwa ni 622, kama janti si pana sana unaweza kuvalisha mpira laini wa upana wa 40 hivi na kinga inabadilika kabisa kwenye lami, haivumi tena kama nyuki. Hiyo ni raha ya bei ndogo.

Kuvalisha: pitisha vidole polepole ndani ya mpira wa nje kwanza, polepole, juu vipande vya waya vinavyotoka kwenye mipira ya makamio (malori) vinajificha humo na vinatoboa tena siku ileile. Weka hewa kidogo ndani ya mpira wa ndani upate umbo. Anza kuvalisha upande ulio mbali na valvu, malizia penye valvu, na huku ukibana ukingo wa mpira ushuke kwenye shimo la katikati la janti pande zote. Hapo ndipo unapata nafasi ya kumalizia na viganja. Turnevisi iache ndani ya sanduku.

Hatua ya 4. Valvu na hewa

Ziko tatu. Ile nene ya motoka, kila kwado anaijaza. Ile nyembamba ya kinga ya mbio. Na ile ya kinga nyeusi na kinga za mama, yenye koa (nati) unaifungua na ndani kuna kampira kadogo sana kamevalishwa kwenye chuma. Hako kampira kakizeeka hewa inatoka polepole usiku, asubuhi unakuta kinga imelala, watu wanatoa mpira wote kutafuta tundu ambalo haliko. Kabla ya kufungua kitu tia mate kwenye ncha ya valvu. Yakitoa povu, badilisha kampira, maliza, nenda kazini.

Mimi natumia pompi ya mkono. Kompresa ya kwado ni ya makamio, mpira wa kinga unajaa ndani ya sekunde na ukizubaa unapasuka. Ukiitumia, mwambie "yaya, kidogo kidogo" na bonyeza na kidole gumba kila mara. VTT ya mipira minene kwa mtu wa kilo 70, baa 2 na nusu mpaka 3 inatosha. Usipite ile namba ya ubavuni.

Hatua ya 5. Freni

Kinga za Uingereza na Japani mara nyingi freni ya mbele iko mkono wa kuume, za Ubelgiji na Ufaransa mara nyingi iko kushoto. Hapa zote zinaingia, na mtu mwenye kinga mbili anachanganya, anashika mbele akizani ni nyuma, anaruka juu ya guidoni. Ziweke zote sawa. Mimi naweka ya mbele kushoto, kwa sababu tunatembea upande wa kuume: ukitaka kukata kushoto unanyoosha mkono wa kushoto, na ule uliobaki kwenye guidoni unashika freni ya nyuma ambayo haikurushi. Kubadilisha ni kuhamisha kamba mbili tu.

Hatua ya 6. Kiti na mafuta

Kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke, hapo njo urefu wa kiti. Mafuta ya mnyororo: matone machache, kiisha pangusa ya juu yote na kitambaa. Yale meusi ya vidange (yaliyomwagwa kutoka injini) ya motoka sitaki, toka mwezi wa tano vumbi jekundu linashika humo na mnyororo unageuka msumeno.

Hatua ya 7. Barabarani

Basi nyingi zetu zimetoka Japani, guidoni iko kuume na mlango uko kushoto, yaani abiria anashukia katikati ya barabara, palepale unapotaka kupita. Basi ikisimama mbele yako usiipite kwa kushoto mbio mbio, acha nafasi ya mlango na ya mama mwenye mzigo. Wakati wa mvua usiingie maji usiyoona chini yake, kanivo (mitaro) nyingi hazina kifuniko. Barabara ya Kipushi ni nzuri, kama kilometa 30, lakini nenda mapema kabla makamio hayajaamka.

Kiisha siku chache za kutembea, chukua fungu la funguo ukaze tena kila koa: magurudumu, guidoni, kiti, porbagaji (kibebea mizigo). Pedali ya kushoto inakazwa kinyume, hiyo unajua.