Namna ya Kuipata Nafasi ya Hammershøi katika Uchoraji wa Skandinavia
Ukiwa mwanafunzi wa sanaa hapa Kampala, anza na picha zenyewe kabla ya wasifu wa mchoraji wa Denmark, Vilhelm Hammershøi (1864–1916). Tazama vyumba alivyovichora nyumbani kwake, Strandgade 30, Copenhagen: mkewe Ida ametupa mgongo, ukuta ni wa kijivu, na nuru ya dirishani imetandikwa sakafuni kama mkeka. Ziweke kando ya picha za mchoraji mwenzake wa Denmark, P. S. Krøyer, za ufuo wa Skagen, kaskazini mwa nchi hiyo, zilizojaa hewa na bahari, kisha urudi nyuma hadi kwa mchoraji wa Denmark aliyewatangulia, C. W. Eckersberg (1783–1853), ambaye nidhamu yake ya mistari na vipimo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyozaa utulivu wa vyumba vya Hammershøi. Edvard Munch wa Norway, mchoraji wa picha maarufu ya “Ukelele” (The Scream), mlinganishe mwisho, kwani ukelele wake huwapoteza wengi.