Somo: Kicheki cha mjamzito na mtoto mchanga, kuanzia kliniki hadi arobaini

Somo hili ni la dada zetu, na waume zao pia, walioko Praha, Brno, Ostrava na kwingineko Jamhuri ya Cheki. Wengi huanza kwa kukariri majina ya vitu: kitanda, nepi, chupa ya maziwa. Vitu havina shida, dukani unanyoosha kidole. Kinachokwamisha watu ni maswali ya daktari na amri za mkunga, tena wakati ambao huna mkono wa kushika simu utafsiri. Kwa hiyo tutafuata safari yenyewe, na uzito tutauweka kwenye kusikia kuliko kusema.

Hatua ya 1: Sikio mwanzo wa neno

Sisi mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho. Kicheki kinauweka silabi ya kwanza, siku zote. Ule mkwaju juu ya irabu (á, í, é) si mkazo. Unarefusha sauti tu. Kwa hiyo *těhotná*, yaani mjamzito, hutamkwa TYE-ho-tnaa.

Herufi nyingine ni rahisi kwetu: *č* ni ch, *š* ni sh, *j* ni y, *ň* ni ny, *c* ni ts, na *ch* ni ile kh ya "kheri". *Ž* ni z iliyolegezwa kuelekea sh. *Ř* ndiyo inayotoa watu jasho, lakini hata watoto wa Kicheki wapo wanaopelekwa kwa mtaalamu wa matamshi kwa ajili yake. Sema r na ž kwa pamoja, watakuelewa.

Hatua ya 2: Kliniki

Sentensi ya kwanza: *Jsem těhotná*, nina mimba. Ile j ya mwanzo wengi hawaitamki; utasikia "sem tyehotnaa". Utapewa *těhotenská průkazka*, kadi ya kliniki. Tembea nayo kama unavyotembea na kitambulisho.

Sasa jifunze neno moja ambalo wanafunzi wanaotoka kwenye Kiingereza huliona gumu, na sisi tunalo tangu utotoni: *kolikátý*, yaani "-a ngapi".

*V kolikátém jste týdnu?* Uko wiki ya ngapi?
*Kolikáté dítě čekáte?* Unatarajia mtoto wa ngapi?

Jibu la swali la pili ni *první*, *druhé*, *třetí*. La kwanza lina kona zaidi, maana "katika wiki ya thelathini na nane" kwa Kicheki sanifu hubadilisha miisho ya maneno mpaka ulimi uchoke. Njia ya mkato ni hii: angalia namba kwenye kadi yako. Madaktari huandika 38+2, yaani wiki 38 na siku 2, na ndivyo wanavyosema: *třicet osm plus dva*. Sema hivyohivyo, inatosha kabisa.

Mengine ya kliniki tupite haraka: *odběr krve* ni kutolewa damu, *moč* ni mkojo, *tlak* ni presha, *ultrazvuk* ni ultrasound, unaijua, *těhotenská cukrovka* ni kisukari cha mimba, *termín porodu* ni tarehe ya matarajio. Ukisikia *je hlavičkou dolů*, furahi: mtoto ametanguliza kichwa.

Hatua ya 3: Siku yenyewe

Hospitali ya kujifungulia ni *porodnice*. Praha watu husikia sana Podolí, Motol na U Apolináře. Brno ni Bohunice na Obilní trh. Hasa Praha, jiandikishe mapema (*registrace*), usingoje tumbo lifike puani.

Sentensi nne za kukariri mpaka uziote:

*Mám kontrakce každých pět minut.* Uchungu unakuja kila dakika 5.
*Praskla mi voda.* Chupa imepasuka.
*Krvácím.* Natoka damu.
*Necítím pohyby.* Sisikii mtoto akicheza.

Baba wa mtoto naye ana mbili. Akipiga 155, namba ya gari la wagonjwa, anasema: *Manželka rodí*, mke wangu anajifungua, kisha *adresa je…* na kutaja mtaa. Asianze kueleza habari ndefu. Namba 112 nayo inafanya kazi.

Ukishafika *porodní sál*, chumba cha kujifungulia, wewe ni wa kusikia tu. *Nadechněte se*, vuta pumzi. *Vydechněte*, toa. *Tlačte!* Sukuma! *Ještě jednou*, mara moja tena. Na *Netlačte!* Usisukume!

Tulia hapo kidogo. Kati ya "sukuma" na "usisukume" tofauti ni silabi moja, *ne*, na imekaa mwanzoni. Sikio la Kiswahili limezoea kungoja mwisho wa neno, na mwishoni yote mawili ni *-tlačte*. Bahati nzuri mkazo wa Kicheki unaiangukia hiyo *ne* yenyewe: NE-tlač-te. Mwombe mumeo au jirani akusomee maneno haya mawili bila mpangilio, wewe umefumba macho, ukiinua mkono kila unaposikia *ne*. Ni zoezi la kuchekesha, lakini kwa maoni yangu lina thamani kuliko orodha nzima ya nguo za mtoto.

Maneno mengine ya chumba hicho: *císařský řez* ni upasuaji, na wenyewe husema *císař* tu, *epidurál* ni sindano ya ganzi ya mgongo, *nástřih* ni kuongezewa njia, *stehy* ni nyuzi.

Hatua ya 4: Wodini na nyumbani

Nesi atakuuliza asubuhi na jioni: *Kakalo? Čůralo?* Ndiyo, ni hayo hayo unayodhani, choo kubwa na ndogo. Kinyesi cheusi cha siku za mwanzo ni *smolka*. Wenye mtoto wa kiume watasikia *kakal*, wa kike *kakala*. Ukitaka kukwepa hesabu hiyo tumia *miminko*, kichanga, ambalo halina uke wala ume na kitenzi chake huishia na -lo. Tunaotoka kwenye ngeli hatuna haki ya kulalamikia jinsia tatu.

Kunyonyesha ni *kojit*. *Nechce se přisát*: hataki kushika ziwa. *Bolí mě bradavky*: chuchu zinauma. Ukikwama uliza *laktační poradkyně*, mshauri wa kunyonyesha. Mtoto akishiba anabeua, *krkne*. Akicheua maziwa, *ublinkne*. Nepi ni *plenka*, kumbadilisha ni *přebalit*, chuchu ya bandia ni *dudlík*, kigari ni *kočárek*.

Za hatari: *Má horečku*, ana homa. *Nepije*, hanyonyi. *Má žluté oči*, macho yake ni ya njano. Hii ya mwisho ishike. Kwa ngozi nyeusi manjano hayaonekani upesi mwilini, yanaonekana kwenye weupe wa macho na kwenye fizi, nawe mama ndiye unayeyaona kwanza. Ugonjwa wenyewe ni *žloutenka*.

Kuna pia matone, *kapky*, ya vitamini D. Wao huita *déčko*. Mtoto hupewa kila siku karibu mwaka mzima wa kwanza, na kwa jua la huku wala usibishe.

Mama anayepumzika baada ya uzazi yuko kwenye *šestinedělí*. Leo *neděle* ni Jumapili, ila zamani ilikuwa pia juma zima; kwa hiyo ni majuma sita, siku 42. Sisi tuna arobaini, wao wameongeza mbili.

Hatua ya 5: Karatasi

*Rodný list* ni cheti cha kuzaliwa, hutolewa na *matrika* ya mahali mtoto alipozaliwa. Wasiofunga ndoa huandikisha ubaba hapo kwa *souhlasné prohlášení*, na inaruhusiwa kufanya hivyo kabla mtoto hajazaliwa. Asiyejua Kicheki aende na mkalimani. *Rodičovský příspěvek* ni posho ya mzazi: kwa mtoto mmoja aliyezaliwa kuanzia 2024 ni jumla ya koruna 350,000. *Otcovská* ni likizo ya baba, wiki 2.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimebeba selimundu, ingawa siumwi. Nawaambiaje?*

Marahaba mwanangu. Sema *Jsem přenašečka srpkovité anémie*. Huku ni nadra, kwa hiyo usingoje waulize. Sema mwanzoni, na uombe iandikwe kwenye kadi.

*Mwanangu ana baka la bluu matakoni tangu azaliwe. Mlezi wa kituo ameniangalia vibaya, nadhani anafikiri nampiga.*

Pole sana dada. Mabaka hayo ni ya kawaida kwa watoto wetu, na mengi hufifia wanapokua. Jina lake ni *mongolská skvrna*. Sema: *To není modřina, to je mongolská skvrna*, yaani hilo si alama ya kuumia, ni baka la kuzaliwa nalo. Halafu mwombe daktari wa mtoto aliandike kwenye *zdravotní průkaz*, daftari la afya la mtoto, ili usijieleze kila mahali.

*Bibi yake kule Tanga anauliza kwa nini mtoto hana alama ya sindano begani.*

Chanjo ya kifua kikuu Ucheki haipewi watoto wote tangu mwishoni mwa 2010, wanapewa walio kwenye hatari zaidi. Kuna dodoso, *dotazník*, linalouliza mlikotoka na mnakotarajia kusafiri. Lijaze kwa ukweli, hasa kama mnapanga kwenda kumwonyesha bibi. Sindano za kawaida, *hexavakcína*, huanza wiki ya 9.

*Nesi ananiita "maminko" wakati mimi ni mdogo kwake. Ni dharau?*

Hapana. Ni *maminka*, mama, akiwa anaitwa. Hata manesi wetu humwita kila mzazi "mama". Wapo Wacheki wenyewe wasiolipenda, na mimi silipendi sana, lakini halina ubaya. Wewe mwite *sestro*, na daktari wa kike *paní doktorko*.

*Mume wangu anaitwa Juma. Binti yetu ataandikwa Jumová?*

Ndivyo Kicheki kingependa: a inadondoka, -ová inaingia. Lakini tangu Januari 2022 wazazi wanaweza kuomba binti aandikwe jina bila -ová, hivyo Juma abaki Juma. Kubalianeni kabla uchungu haujaanza, maana fomu ya jina mara nyingi hujazwa huko huko porodnice.