Jinsi ya kununua mtaani kwako hela ikazunguka kweli (toka kwa mwenye genge)

Mimi nauza genge, yaani kibanda cha mboga na nyanya, huku Mbagala, Dar es Salaam, kwa hiyo haya nawaambia nikiwa upande wa muuzaji. Watu wengi wanaotaka kutusapoti wanakuja siku moja moja kwa huruma, tunashukuru, ila mnunuzi wa huruma hanisaidii kupanga mzigo. Namtaka yule ninayejua atakuja.

Hatua ya 1: Andika vitu unavyonunua kila wiki, nyanya, vitunguu, mchicha, mayai, unga, sabuni, hadi chapati za asubuhi, halafu weka alama pale ambapo kuna mtu wa mtaani kwako anauza au anatengeneza. Usihamishe vyote kwa mpigo, anza na vitatu vinne vinavyooza haraka. Sabuni isipotoka leo itatoka wiki ijayo, lakini nyanya haisubiri. Hizi za Ilula, Iringa, zinakuja kwenye matenga, nanunua tenga pale Temeke Stereo alfajiri, namlipa wa kubeba, nalipa bajaji, nikifika nachambua, na zikikaa siku mbili tatu zinalainika, moja ikioza inaozesha na za jirani. Mauzo ya mwanzo yanarudisha gharama tu jamani, faida yangu iko kwenye yale mafungu ya mwisho, ndo hayo hayo yanayoozaga.

Hatua ya 2: Chagua siku, halafu sema. Mwambie tu, "Dada, kila Jumatano na Jumamosi nachukua nyanya za elfu mbili na mchicha mafungu matatu." Nikishajua hivyo nampigia kijana anayelima mchicha bondeni avune kiasi hicho, nae anakuwa na uhakika, hapo umeshashika watu wawili kwa sentensi moja.

Hatua ya 3: Lipa siku hiyo hiyo. Hii naomba muielewe vizuri. Mtaji wa genge ni ule ule unaolala na kuamka, hakuna mwingine, sasa elfu kumi yako ikikaa kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi kesho naenda sokoni nikiwa na pungufu, nashindwa tenga zima nachukua nusu, na nusu siku zote inakuja na bei mbaya. Wateja watano wakifanya hivyo ndo unakuta mtu anakimbilia mikopo ya kausha damu, anarejesha kila siku, auze asiuze, genge linafungwa wakati wateja alikuwa nao. Kulipa kwa simu sawa, ila uliza kwanza, maana kule sokoni wabebaji wanataka keshi mkononi. Na njoo na chenji asubuhi, tafadhali.

Hatua ya 4: Kwa vitu vya dukani soma lebo. Namba chini ya ile mistari myeusi zikianza na 620 ujue kampuni imesajili namba hizo Tanzania, ila haimaanishi kitu kimetengenezwa hapa, kwa hiyo tafuta palipoandikwa kimetengenezwa wapi. Mafuta ya alizeti ya Singida na Dodoma yapo madukani kwetu, muulizie Mangi, yaani mwenye duka, asipokuwa nayo muulizie tena, akiulizwa na watu kadhaa ataleta.

Hatua ya 5: Bei ongea, sijakataa, ila badala ya kukaba mpaka fungu lishuke chini ya bei ya sokoni omba nyongeza, au uliza zilizolainika kama unapika rosti leo leo, hizo nakupa kwa bei ya chini na wote tumefaidi.

Hatua ya 6: Ukiuziwa kibovu rudi useme, usihame kimya kimya, maana mimi sitajua kosa liko wapi. Akikubadilishia endelea nae, akikujibu vibaya zaidi ya mara moja hamia genge la pili yake.