Nairobi hadi New York: Ogopa 00:15 Kwenye Tiketi

Kutoka Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Ndege ya moja kwa moja huchukua takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi, maana huko juu upepo wa magharibi huisukuma inapokuja kwetu. Ukipitia Doha au Amsterdam, hesabu saa 20 au zaidi. Pasipoti, masanduku na dawa za mama unavijua.

Kilichoniponza mimi ni tarehe. Desemba, tiketi yangu ya kurudi kazini New York iliandikwa Jumatano, 00:15. Nikaisoma Jumatano usiku. Jumanne nilishinda soko la Gikomba, jioni nikala chapati kwa shangazi mtaani Umoja, nikalala. Jumatano saa tatu usiku tukafika JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na magari mawili ya jamaa. Binti wa kaunta akatazama pasipoti, akatazama tiketi, akaniambia kwa upole: ndege yako iliondoka jana usiku.

Hasara haikuishia hapo. Ukikosa ndege ya kwanza bila kutoa taarifa, mashirika mengi hufuta safari yote iliyobaki kwenye tiketi hiyo. Nililipa tiketi ya kwenda tu kwa bei iliyopita ile ya kwenda na kurudi.

Narudia: 00:15 Jumatano ni usiku wa kuamkia Jumatano. Jumanne jioni uwe njiani. Ukimnunulia mzazi tiketi, usimwambie "Jumatano saa sita usiku". Mwambie "Jumanne, ukimaliza chakula cha jioni, unaondoka", kisha umpigie Jumanne mchana.

Nanyi jamaa mlio nyumbani, tulieni. Mtu akiondoka Nairobi 23:40 na tiketi ionyeshe anafika New York 06:40, msihesabu saa saba na kuanza kulia asipopatikana kwa simu. Wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo ni saa 15 angani. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba tofauti ni saa saba, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Miaka yote niliyokaa huko sijaizoea desturi hiyo. Sisi saa moja ni jua limechomoza, na jua halisogezwi. Wao siku yao huzaliwa usiku wa manane watu wamelala, na ndiyo siku inayoandikwa kwenye tiketi.

Kwa ndege ya 00:15, kaunta kwa kawaida hufungwa saa moja kabla, yaani saa tano na robo usiku. Maombi na picha vimalizwe nyumbani, kwa sababu wasindikizaji hawaingii ndani ya jengo. Ukitokea Westlands pitia Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia. Mombasa Road jioni usiiamini. Na hiyo jioni, nasema tena, ni ya Jumanne.