Somo: Kupiga picha uzuri ulio mlangoni kwako, kwa simu uliyonayo

Habari zenu. Kuna walionitumia ujumbe wakiuliza ile picha ya jani la gimbi niliipigia wapi, wakidhani nilisafiri. Sikwenda popote. Gimbi lenyewe limeota pale tunapomwaga maji ya vyombo, hatua sita kutoka mlango wa jikoni, hapa hapa Mwanza. Nimelipita miaka miwili nikiwa na ndoo mkononi. Kwa hiyo leo tujifunze kukiona kitu ambacho macho yameshakizoea. Simu ni msaidizi tu.

Hatua ya 1: Futa lenzi. Chekeni, lakini futeni. Simu inalala mfukoni na funguo, inashikwa na mikono yenye mafuta ya chapati, halafu tunailaumu kamera. Upindo wa kanga iliyochakaa unatosha, mradi ni mkavu. Na flashi izime kabisa.

Hatua ya 2: Chagua sehemu moja, uirudie siku saba. Isiwe mbali: uani, kando ya bomba, kwenye ua wa jirani kama mnaelewana. Siku mbili za kwanza utaona ukuta, nyasi na ndoo. Wengi huishia hapo, wanaenda kutafuta maua mengine. Vumilia. Mimi ilikuwa siku ya nne, baada ya mvua ya usiku, ndipo nikaliona gimbi. Jirani aliponikuta nimechuchumaa pale aliniuliza, "Mama, umepoteza nini?"

Hatua ya 3: Wahi mwanga. Mwanza iko kama digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na jua letu hupanda karibu wima. Linachomoza kati ya saa 12:30 na saa 1 asubuhi, kutegemea mwezi, na haipiti saa nzima kabla mwanga haujawa mkali. Nanyi mlio Ulaya mnajua jua la kiangazi linavyojikokota jioni. Huku halina subira. Uwe umeshafika mahali pako kabla halijatoka. Ukichelewa, tafuta kivuli, au mtu akushikilie shuka jeupe juu ya ua ili jua lichujwe.

Hatua ya 4: Inama, jani liwe kati yako na jua. Hapa ndipo penye utamu. Ukilipiga jani kwa juu, jua likiwa mgongoni kwako, linatoka la kijani tu kama rangi ya ukuta. Zunguka upande wa pili, piga magoti, geuza simu kichwa chini ili lenzi ikaribie ardhi. Mishipa yote inajitokeza kama ramani ya mito.

Sasa gusa kioo cha simu pale unapotaka paonekane vizuri, ushikilie kidole hapo mpaka simu ifunge fokasi na mwanga mahali hapo. Kwenye simu nyingi, ukiburuta kidole kwenda chini picha inapungua mwanga. Punguza kuliko unavyodhani inafaa. Nilipofanya hivyo kwenye gimbi, nyuma pakawa peusi, likabaki jani na tone moja la maji. Jani la gimbi halilowi. Tone linabiringika juu yake kama zebaki. Na ndani ya lile tone, mkikuza picha mtaona, kuna bati la jiko langu, limepinduka.

Hatua ya 5: Sogea, usikuze. Kukuza kwa vidole kunaharibu picha. Ila simu nyingi hazioni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya upana wa kiganja, kwa hiyo ikigoma, rudi nyuma kidogo.

Hatua ya 6: Subiri. Kwenye mawe yetu kuna wale mijusi, dume ana kichwa chekundu na mwili wa buluu. Alfajiri kukiwa na baridi rangi yake imefifia. Kaa chini, usimfukuzie. Akishaota jua, wekundu unakolea na anaanza kupandisha na kushusha kichwa kama mtu anayekubali mahari.

Hatua ya 7: Futa picha zote za siku hiyo, ubakize moja. Inauma, najua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi ninapanga chumba, uani ni saruji tupu. Nifanyeje?
Angalia ufa wa saruji karibu na bomba. Lazima kuna nyasi au ukijani umejipenyeza. Na baada ya mvua usiikimbilie kamba ya nguo kuipangusa. Matone yanajipanga pale kama shanga.

Niko Mombasa, bahari nimeichoka, kila mtu anapiga machweo.
Shuka maji yakiwa yamekupwa, jua likiwa chini bado. Tazama vitonge vya mchanga ambavyo kaa wadogo huviacha wanapochuja mchanga kutafuta chakula. Jua likiwa chini kila kitonge kina kivuli chake. Saa 5 huwezi kuviona.

Machweo yangu hutoka meupe, nini kinakosewa?
Unagusa kioo penye watu au miti, na simu inaongeza mwanga. Gusa mbinguni kando ya jua, kisha ushushe mwanga. Watu watatoka weusi kama vivuli. Waache hivyo hivyo.

Naruhusiwa kunyunyizia maua maji ili yaonekane yana umande?
Hakuna atakayekukamata, dada. Mimi sifanyi, maana maji ya kunyunyiziwa hutapakaa ovyo. Alfajiri angalia matone yaliyojipanga kwenye ncha za nyasi: mara nyingi hayo hata si umande, ni maji ambayo jani lenyewe limeyatoa usiku. Pia viota msiviguse, wala msikate matawi ili kinda aonekane. Picha hiyo tuikose.

Na kule ufukweni mwa ziwa, kwenye matete?
Usiingie kwenye matete alfajiri. Kuna viboko na mamba. Kaa juu ya jiwe, na ukibahatika utawaona wale wadudu wadogo wa ziwani wakipanda juu ya maji kama moshi wa jiko. Hawaumi. Funga mdomo tu.