Kulima mboga katika nyumba za mji wa Lamu: anza kwa kupima kisima

Mche ukikauka ncha za majani ilhali udongo bado ni mbichi, watu hulaumu jua au wadudu. Katika mji wa Lamu, laumu chumvi kwanza. Maji matamu ya mji hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na ni ya kunywa na kupikia. Kuyamwaga bustanini ni israfu. Visima vilivyo karibu na pwani vina chumvi, vingine kidogo, vingine sana, hata nyumba mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana.

Kwa hiyo pima chako. Panda mbegu 10 za kunde katika kila mkebe kati ya miwili, mmoja umwagilie maji ya mvua, wa pili maji ya kisima. Siku ya 10, linganisha. Za kisima zikiwa zimeota nusu tu, au zimedumaa, maji hayo yasiguse miche. Na unapoteka usizamishe ndoo hadi chini: maji matamu ni mepesi, hukaa juu ya yale ya chumvi. Teka juujuu, kidogo kidogo.

Chagua mboga kwa kufuata maji, si kwa hamu. Spinachi ya majani mapana huvumilia chumvi vizuri kabisa. Mchicha na kunde hustahimili kiasi. Nyanya huhitaji uangalizi. Karoti, vitunguu na maharagwe hayafai kwa kisima cha chumvi, hata uyabembeleze vipi.

Chombo kizuri ni mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokatwa juu, wenye matundu sita chini, kila moja upana wa kidole. Changanya madebe mawili ya udongo wa shamba kwa debe moja la samadi iliyooza na nusu debe la makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ndipo ujaze. Mchanga wa ufuoni usitumie. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Yaoshe mara tatu kwa maji matamu, au tafuta makavu.

Mtungi uliojaa na kulowa hufika kilo 30 na zaidi. Dari za nyumba za mawe zimebebwa na boriti, basi ukiiweka mitungi huko juu, ipange kando ya kuta, kamwe si katikati, na iinue juu ya mawe mawili ili maji yasituame kwenye chokaa na kuozesha boriti. Kiwanda cha nyumba, ule ua wa ndani, ni salama zaidi ikiwa kinapata jua kwa muda wa saa tano au sita kwa siku. Juu ya dari upepo wa kusi huvunja mashina na kuleta marasharasha ya bahari. Kinga kwa makuti upande wa kusini. Wakati wa kaskazi tatizo ni ukavu, hivyo funika udongo kwa majani makavu unene wa vidole vitatu.

Ukimwagilia maji ya kisima, mwaga kwenye udongo, usiyaloweshe majani, na endelea mpaka maji yatoke chini. Anayemwagilia kidogo kidogo kila siku huiacha chumvi yote juu. Utauona ukoko mweupe. Ukiuona, ukwangue, kisha pitisha lita 20 za maji ya mvua katika mtungi huo. Usiweke sahani chini yake, mbu watazaana.

Mmea huumizwa zaidi na chumvi ukiwa mchanga. Hapo ndipo nyumba moja isipojitosheleza. Mwenye jabia, yaani birika la kuwekea maji ya mvua, aoteshe miche ya mtaa mzima: nyanya, biringani na pilipili, mbegu kina cha sentimita moja, ikitimiza majani manne hadi sita igawanywe jioni. Anayepokea aimwagilie maji matamu wiki moja, nusu kwa nusu wiki ya pili, ndipo ahamie kisima chake. Mwenye jabia alipwe kwa mboga, na hesabu iwekwe wazi tangu mwanzo, la sivyo atachoka mwaka wa kwanza.

Samadi nayo ni ya pamoja. Mavi ya punda yako kila mahali, lakini yakiwa mabichi huunguza mizizi na kuotesha nyasi. Mkizungumza na wenye punda, tafuteni kiwanja wazi, mrundike lundo la mita moja kwenda juu na mita moja upana, mkichanganya na maganda ya jikoni. Liwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa, ligeuzwe kila wiki. Baada ya wiki 8 hadi 12 likiwa jeusi, limepoa, halinuki, tayari. Vaeni glavu na msishike mkiwa na kidonda: vijidudu vya pepopunda huishi katika mavi hayo.

Mbegu za kuhifadhi kwa ajili ya wote ziwe za kunde na nyanya, kwa kuwa hazichanganyiki ovyo na za jirani. Mchicha huchavushwa na mchicha mwitu, ukaharibika baada ya misimu michache. Kausha kivulini, changanya kunde na majivu makavu, tia chupani hadi shingoni, funga kabisa. Tumieni chupa ndogo nyingi badala ya moja kubwa, kwani kila ikifunguliwa unyevu wa bahari huingia, na mbegu iliyonyonya unyevu haidumu.