Umeme ukikatika shambani: panga kwanza, betri baadaye

Nafanya kazi ya umeme majumbani huku Njombe, na masika yakianza simu ni zilezile: "Fundi, ninunue inverta gani?" Inverta ni kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Subiri kidogo. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini mkaratusi ukiangukia laini ya kijiji chenu, au radi ikikata fyuzi ya transfoma, megawati hizo hazikufikii mpaka mafundi wa TANESCO wapande huko. Nyumba ya shamba ijiandae kwa giza la saa chache mara kwa mara, na la siku mbili mara mojamoja.

Hatua ya 1: Hakikisha umekatika kweli. Chungulia kwa jirani. Kama kwake unawaka, angalia uniti za LUKU, kisha breka kuu. Nimeshapanda bodaboda hadi bondeni kwenda kurudisha breka tu.

Hatua ya 2: Hesabu unachohitaji. Chukua daftari, andika wati za kila kifaa mara saa utakazokitumia. Mfano wa nyumba ya kawaida: taa sita za LED za wati 9 kwa saa tano ni wati-saa 270, televisheni ya wati 50 kwa saa nne ni 200, ruta na simu, wati 20 kwa saa nane, 160, friji ndogo usiku mmoja, weka 300. Jumla 930. Inverta nayo hula chake, hivyo panga kwa 1,100.

Pasi, birika na jiko la umeme vifute kwenye orodha. Birika la wati 2,000 litamaliza wati-saa hizo 1,100 ndani ya nusu saa hivi. Vifaranga wapashe joto kwa jiko la mkaa, ukiacha tundu za kutosha za hewa.

Hatua ya 3: Maliza suala la maji. Usinunue betri kubwa kwa ajili ya pampu. Inua simtanki la lita 5,000 juu ya mnara, lijaze umeme ukiwepo, maji yatashuka yenyewe. Mnara unagharimu, lakini hauhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache.

Hatua ya 4: Sasa chagua betri. Betri ya asidi au jeli usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Kwa hiyo ya volti 12, ampea-saa 200, yenye wati-saa 2,400, inakupa 1,200 tu. Ya lithiamu ya ampea-saa 100 inakaribia hapohapo kwa sababu unaweza kutumia asilimia 90 yake. Ni ghali zaidi dukani, ila mimi ndiyo ninayoshauri.

Inverta iwe ya wati 1,000 au zaidi, inayotoa wimbi laini kama la gridi (umeme wa TANESCO), maana mota ya friji ikiwaka huvuta mara kadhaa ya wati zake. Kwa volti 12, wati 1,000 ni karibu ampea 100, kwa hiyo waya wa betri uwe mnene, milimita 25 za mraba, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 125 ikae jirani na chanya ya betri. Ukitumia waya mwembamba, utaushika wa moto.

Sola? Kama umeme hurudi siku hiyohiyo, chaji kutoka gridi, paneli zisubiri. Ukiziweka, huku kusini mwa ikweta zielekee kaskazini, mbali na kivuli cha miparachichi.

Hatua ya 5: Chenji ova, yaani swichi ya kuhamisha nyumba kutoka gridi kwenda umeme wa akiba. Hapa sina mzaha. Ukichomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili, umeme hurudi nyuma hadi kwenye transfoma, na transfoma huupandisha kuwa volti 11,000 au 33,000 kuelekea kwa fundi aliye juu ya nguzo. Funga chenji ova yenye nafasi tatu (gridi, sifuri, akiba) inayokata laivu na nyutro pamoja. Saketi za taa, friji na soketi chache zihamie kwenye kisanduku chao, na nyutro zao zisichanganyike na za saketi zilizobaki. Zikichanganyika, inverta inaweza kuungua. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, na apime athi (waya wa ardhini) akiwa hapo.

Hatua ya 6: Jenereta, kama lazima. Ni ya siku ile ya pili. Ikae nje, mita sita au zaidi kutoka madirishani, kamwe si barazani wala stoo: moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu na huua watu usingizini. Iwashe kila mwezi, petroli iliyokaa muda mrefu huziba kabureta.

Hatua ya 7: Jaribu mchana. Zima breka kuu, hamisha chenji ova, tumia nyumba kama kawaida hadi usiku, uone betri imebaki na kiasi gani. Umeme ukirudi, acha taa moja tu upande wa gridi, subiri dakika tano volti zitulie, ndipo urudishe friji. Friji iliyofungwa muda wote hubaki na baridi kwa saa nne hivi, kwa hiyo waambie watoto waache kuifungua kuangalia kama soda imepoa.